Samli Ikinyamaza

Igawa, Jumapili, 4 Desemba 1977

Mvua ya kwanza imenyesha leo tukiwa kanisani. Bati likamshinda padri sauti, akakatisha mahubiri. Nimemshukuru Mungu mara mbili, kwa mvua na kwa hayo mengine.

Naandika katika daftari la marehemu mume wangu Danieli. Alikuwa dereva wa greda hapa barabarani, akiandika humu maili na mafuta, mpaka homa ilipomchukua mwaka jana. Kurasa nyingi zimebaki tupu. Mimi mdomo wangu ulizoea kuongea naye kila jioni, na majirani sasa wamechoka kunisikiliza. Karatasi itavumilia.

Leo nina la kusema. Shemeji Liberatus, kaka yake Danieli, katekista wa Kalenga, alikuwa hapa tangu Ijumaa na ameondoka na basi la mchana. Si mtu mbaya. Alikaa kwenye kigoda, akanywa uji wake taratibu, akasema, "Mama Paskalina, mtoto hawezi kulelewa kando ya lami na mjane asiye na shamba wala ndugu karibu. Pasaka nitarudi. Nikiona hamjasimama, nitamchukua akakae kwa watu wake."

"Tutasimama, shemeji."

"Kwa kitu gani?"

Nikamwambia, "Kwa miguu." Hakucheka. Nami nilipoingia jikoni nililia hadi uji wa pili ukaungua. Paskalina ana miaka tisa. Ndiye pekee aliyebaki wa kuniita mama.

9 Desemba

Mvua. Maandazi sikukaanga, mafuta hakuna.

13 Desemba

Basi la kwenda Iringa limepata pancha mbele ya kibanda changu cha chai, na Mungu huwa ana njia zake, maana abiria wote walishuka kunywa chai. Mmoja ni baba mnene mwenye heshima zake, anaitwa Joachim, mpishi wa hoteli mjini Iringa. Alikunywa vikombe viwili huku analalamika. "Tangu mpaka wa Kenya ufungwe, mafuta ya kopo yameadimika kama nini. Wageni wanataka pilau. Niwakaangie kwa machozi?"

Kando yake alikaa Mama Nyanda, yule mama wa Kisukuma anayeuza maziwa barabarani. Alikuwa anajipaka samli mikononi, kutoka kichupa kidogo. Joachim akainua pua kama mbwa wa mwindaji. Akaomba, akachovya kidole, akalamba, akafumba macho.

"Akina mama," akasema, "mna kisima uani na mnakufa kiu."

Nimemtazama Mama Nyanda leo kama mtu anayemwona mara ya kwanza. Mwaka mzima nimempita pale, salamu tu na kupita. Hapa watu husema hawa waliokuja Usangu na ng'ombe wao kutoka kaskazini wananuka moshi. Nami nimesema hivyo, tena kwa sauti. Kumbe moshi huo huo ndio uliomfumbisha mpishi macho.

14 Desemba

Nimekwenda kwake bondeni, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Tumekubaliana: maziwa na vibuyu ni vyake, kuchuja na chupa na kuuza ni kwangu, kinachopatikana tunagawana sawa. Mumewe, Mzee Nkuba, alisikiliza yote akiwa anachonga mpini. Mwishowe akauliza swali moja tu.

"Ng'ombe watakosa kitu?"

"Hapana," mkewe akamjibu.

"Basi fanyeni."

Nimerudi na matope hadi magotini na furaha ambayo sikuwa nayo tangu tumzike Danieli.

20 Desemba

Leo nimefundishwa kazi. Maziwa hulala ndani ya kibuyu mpaka yagande. Halafu kibuyu hutikiswa, mbele nyuma, mbele nyuma, mpaka siagi ijitenge. Siagi huwekwa kwenye sufuria, moto mdogo. Hapo ndipo nilipokuwa mwanafunzi mbaya, maana nilikuwa naongea bila kukoma na kuuliza kila mara, "Tayari? Tayari?"

Mama Nyanda akaniwekea kidole mdomoni. "Sikiliza. Samli inaongea. Inalalamika, tatata, tatata, kwa sababu bado ina maji. Ikinyamaza, imeiva." Akanitazama kutoka juu hadi chini. "Wewe Mama Paskalina bado mbichi kabisa."

Nimecheka mpaka nikakaa chini. Mbichi, mimi, mwenye miaka thelathini na mitano!

Jambo jingine. Ana vibuyu vitano, na kimoja ni kikubwa, cheusi, shingo imeng'aa kwa kushikwa. Paskalina alitaka kukishusha, Mama Nyanda akamwahi, akakipokea kwa upole. "Hicho si cha kila mkono, mwanangu. Ni cha mama yangu. Nimekibeba mgongoni kutoka Maswa, nyuma ya ng'ombe. Kwetu kibuyu cha mama hutikiswa na binti wa nyumba." Yeye hakujaliwa binti, wavulana watupu, kwa hiyo hukitikisa mwenyewe.

Paskalina alinuna. Mama Nyanda akafungua pindo la kanga yake, akamtolea mbegu kubwa bapa. "Panda chako." Tumezipanda leo leo, ukutani kwa jiko.

25 Desemba

Noeli. Tumekula wali kwa samli. Asante, Mungu wangu, asante.

5 Januari 1978

Chupa za kwanza zimekwenda Iringa, nimemkabidhi kondakta. Nimezichuja mara tatu kwa kitambaa cheupe, nimezifunga midomo kwa nta. Kondakta akauliza kama ni maji ya baraka.

8 Januari

Joachim amejibu kupitia kondakta yule yule: "Mwambie mama, alete. Na akimaliza kuleta, alete tena."

10 Januari

Mvua.

11 Januari

Mvua. Mmea wa Paskalina umetambaa mpaka dirishani.

12 Januari

Mvua. Bati la Danieli halivuji hata tone. Kila nikisikia inavyonyesha juu namshukuru, maana ndiye aliyelipigilia kwa mikono yake.

19 Januari

Nyumba ya Mama Nyanda inavuja, siagi inaingiwa na maji. Tumehamishia kazi kwangu, vibuyu na vyote. Kila asubuhi mwanawe Nyanda analeta maziwa kwa baiskeli, naye mama yake anafuata kwa miguu, anaimba. Nimeanza kumsubiri kwa hamu. Ananiamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," namjibu kwa lugha ya kwetu, "Kamwene," halafu sote tunacheka, maana hakuna anayejibu sawasawa.

Leo nimemwuliza kama kwao watu hulia msibani kama sisi. Akasema, "Kwani machozi yana kabila?" Nikamsimulia habari za Danieli, mwanzo hadi mwisho, na samli ikaungua kidogo. Hakunilaumu.

8 Februari

Jumatano ya Majivu. Nimefunga nyama. Lakini nanusa samli mchana kutwa, sijui kama pua nayo inatakiwa kufunga.

Joachim ametuma habari kubwa. Jumatatu ya Pasaka kuna arusi hotelini kwao, anataka debe zima la samli. "Iwe safi sana, mama, kuna wakubwa." Debe zima! Tukilifikisha, shemeji Liberatus akija ataona kwa macho yake kwamba tumesimama. Nimemwambia Paskalina, naye amerukaruka uani mpaka kuku wakakimbia.

20 Februari

Mkewe Nyanda amekaribia kujifungua, yuko kwa mama yake Utengule. Mama Nyanda amekwenda kumsaidia. Nyanda ataendelea kuleta maziwa. Vibuyu ameniachia mimi.

"Nivitunze?"

"Vitunze kama unavyoona nafanya," akasema.

Nimeguswa sana. Mtu hakuachii kitu cha mama yake hivi hivi.

23 Februari

Leo nimefanya kazi ya maana. Maneno ya Joachim yalikuwa yananizunguka kichwani, safi sana, safi sana, wakubwa. Nikachungulia ndani ya vibuyu. Weusi mtupu! Mama Nyanda huwa anavisuuza kwa maji kidogo, anatia makaa ya moto ndani, anavitikisa, anamwaga, basi. Sista aliyetufundisha upishi shule ya misheni alikuwa anasema chombo kisichosugulika si chombo. Nikachemsha maji. Nikachukua kipande changu cha mwisho cha sabuni ya mche, nilichokuwa nimekificha kwa ajili ya nguo ya Pasaka ya Paskalina. Nikasugua kwa mchanga na gunzi, kimoja kimoja, na kile cheusi nikakisugua zaidi ya vyote ili nimfurahishe mwenyewe. Maji yakatoka kama kahawa. Nikavianika uani vikakauka, na ndani vikawa vimetakata kabisa.

Paskalina alisimama mlangoni muda mrefu. "Mama, umemwuliza?"

Nikamwambia mtu haombi ruhusa ya kufanya usafi.

25 Februari

Maziwa hayajaganda vizuri. Pengine ni baridi.

27 Februari

Siagi imetoka kidogo, laini, imevunjikavunjika. Nimeichemsha. Imeongea, imenyamaza, ila rangi imepauka. Mimi naiona safi. Nimeipeleka.

3 Machi

Aibu.

Kondakta ameshusha chupa zangu zote mbele ya watu, zimejaa kama zilivyokwenda, moja tu imepungua. Abiria wanachungulia madirishani. "Mpishi anasema hivi, mama. Wali wa wageni umetoa povu."

Basi zima likacheka. Nami nilicheka nao, kwa sababu ningefanya nini tena, halafu nikaingia ndani, nikafungua chupa moja, nikanusa. Sabuni. Na chini ya sabuni, uchungu. Nimevinusa vibuyu vyote vitano. Vyote vinanuka kama beseni la kufulia.

4 Machi

Mama Nyanda amerudi. Natamani nisiandike, lakini nisipoandika haitanitoka.

Alifika asubuhi, mvua imemlowesha, uso unang'aa. Mjukuu amezaliwa, wa kiume tena. "Mwangaluka, Mama Paskalina!" Akakaa, akavuta kibuyu cha mama yake mapajani, kama mtu anavyomvuta mtoto amsalimie. Akakinusa.

Alikaa vile, pua mdomoni mwa kibuyu, hasogei. Halafu akaingiza vidole viwili, akavitoa, akavitazama. Havina hata masizi.

"Kimefanywa nini?"

Nikaanza kueleza. Ee Mungu, jinsi nilivyoeleza! Nilieleza Joachim, nikaeleza wakubwa, nikaeleza arusi na sista na sabuni yangu ya mwisho. Maneno yalitoka kama maji ya mfereji, na kila nilivyoongeza ndivyo uso wake ulivyojifunga. Mwishoni nikasema, "Nilitaka viwe safi tu, dada yangu."

"Kwani vilikuwa vichafu?"

Nilifungua mdomo, nikaufunga.

"Miezi yote hii," akasema, polepole, "ulikuwa unauza uchafu wetu?"

Hakupiga kelele. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Alivifunga vibuyu vyote vitano kwenye kanga yake, akajitwika, akatoka kwenye mvua ile ile iliyomleta. Paskalina alimkimbilia mpaka barabarani, akarudi analia. "Amenishika kichwa tu," akasema. "Hajasema kitu."

Na kinachonichoma ni hiki. Amesema kweli. Nilipochungulia mle ndani sikuona chombo cha kazi. Niliona Wasukuma na moshi wao, yale yale ya majirani. Nimekula naye, nimelia naye habari za mume wangu, na bado yalikuwa yamekaa moyoni yananingoja. Sabuni ilitoka huko.

5 Machi

Hakuja.

6 Machi

Hakuja. Mvua kubwa. Nyanda amepita na baiskeli, hakusimama.

7 Machi

Hakuja. Mmea wa Paskalina umetoa kibuyu, kidogo kama ngumi ya mtoto. Hakuna wa kumwonyesha.

8 Machi

Nilitaka kwenda leo. Nilivaa kabisa. Halafu nikajiuliza naenda kwa ajili ya nani, nikagundua naenda kwa ajili ya Liberatus. Pasaka inakaribia, debe halipo, mtoto atachukuliwa. Nikajua nikienda na hofu hiyo mfukoni Mama Nyanda ataisikia kama ninavyosikia sabuni kwenye samli. Nikavua.

10 Machi, Ijumaa

Nimekwenda. Nimemkumbuka yeye, basi. Nimekumbuka kuimba kwake asubuhi. Nilipoamka na jambo hilo moja tu moyoni, nikachukua kuku wangu mweusi anayetaga, nikamshika Paskalina mkono, tukashuka bondeni.

Njia yote ni maji. Mara mbili niliteleza, mara moja kuku alinikimbia, tukamfukuza kwenye majaruba ya mpunga ya watu. Kichwani nilikuwa napanga hotuba, nzuri, ina mwanzo na mwisho.

Mzee Nkuba alikuwa amesimama mlangoni mwa boma. Akanitazama, akatazama kuku, akatazama matope yangu. "Umekuja kuosha na zizi?"

Sikujua nicheke au nilie. Akanipisha.

Mama Nyanda alikuwa amekaa jikoni na kile kibuyu cheusi. Kwenye moto kulikuwa na vijiti vya mti wao wa kufukizia, vinawaka taratibu. Alikuwa anachukua kaa, analitia ndani, anatikisa, moshi unatoka shingoni, anamwaga, anaanza tena. Hakuinua macho. Nilipiga magoti kwenye jivu pale, nikamweka kuku, na ile hotuba yangu yote ikapotea. Nikasema tu, "Nimekosa. Nilidhani najua."

Basi. Sikuwa na lingine. Nikanyamaza.

Akaendelea na kazi. Kaa, tikisa, moshi, mwaga. Paskalina alikuwa ameniegemea, naye kimya. Mvua ilianza kwenye nyasi za paa, ikaingia kidogo, tukasogea. Kaa, tikisa, moshi, mwaga. Magoti yaliniuma, nikayaacha yaume.

Hatimaye akaninyooshea kibuyu. "Kamata hapa, chini. Mkono wangu umechoka."

Nikakamata. Kilikuwa cha moto. Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Leo umenyamaza."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi umeanza kuiva," akasema, na mdomo wake ukacheza upande mmoja.

Jamani, nililia! Nililia na kucheka pamoja, kamasi na moshi na vyote, na yeye akanifuta kwa kanga ile ile aliyofungia vibuyu. Halafu akanisimulia. Walipotoka Maswa mwaka wa ukame, ng'ombe walikauka njiani. Safari nzima hapakuwa na tone la maziwa. Lakini kila asubuhi, kabla ya kuondoka kambini, alikifukiza kibuyu kitupu. Wenzake walimcheka. "Nilifukiza ili kisisahau maziwa," akasema. "Mama yangu alifukiza humo, na mama yake. Ule weusi ulioutoa ulikuwa mikono yao."

Nikamwuliza kama nimekiua.

"Hakijafa. Kimesahau. Tutakikumbusha."

Tumerudi jioni na upinde wa mvua juu ya barabara. Kuku amebaki kwao. Sijapata kutoa kitu kwa furaha kama hiyo.

13 Machi

Nimefukiza. Nimechoma kidole.

16 Machi

Nimefukiza. Maziwa tunayamwaga bado, kibuyu kinayakataa.

20 Machi

Nimemtumia Joachim neno kwamba debe la arusi halitakuwepo, na sababu nimeieleza yote, pamoja na sabuni. Sikutaka atafute mafuta dakika ya mwisho. Amejibu: "Nilidhani mnanichezea. Pole, mama. Na mimi niliwahi kutia chumvi kwenye keki ya askofu."

22 Machi

Leo maziwa yamekubali kuganda. Mama Nyanda alinusa, akampa Paskalina anuse, Paskalina akanipa mimi. Tumekumbatiana jikoni wote watatu.

Samli imetoka chupa mbili. Chupa mbili, na Liberatus anakuja Jumatatu. Naogopa, siwezi kusema siogopi.

27 Machi, Jumatatu ya Pasaka

Shemeji amefika na basi la asubuhi. Mwavuli, suti yake ya kanisani, na sanduku dogo jipya. Niliona sanduku kabla sijamwona yeye.

"Ni la Paskalina," akasema. "Apolonia amemnunulia sare ya shule na blanketi." Apolonia ni mkewe. Wana moyo mzuri, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi, maana hata pa kukasirikia sikuwa napo.

Akatazama rafu. Chupa mbili.

"Hiyo ndiyo biashara?"

"Ndiyo, shemeji." Nikamsimulia yote, sikuficha sabuni, sikuficha povu. Alisikiliza kama anavyosikiliza watoto wa komunyo ya kwanza, uso hausemi kitu. Nilipomaliza akashusha pumzi.

"Mama Paskalina, umejitahidi. Naona umejitahidi. Lakini mtoto anahitaji watu. Ukiugua kesho, nani atamshika mkono?"

Paskalina alikuwa amejibana nyuma ya mlango, anatazama lile sanduku.

Nilikuwa nimewaalika Mama Nyanda na Mzee Nkuba chakula cha Pasaka, wakafika hapo hapo, na Nyanda nyuma anasukuma baiskeli yenye maziwa. Wakasalimiana na shemeji kwa heshima zote. Mama Nyanda akatazama sanduku. Akanitazama. Hakuuliza. Alikaa kwenye mkeka, akafungua kanga, akatoa kibuyu cheusi cha mama yake, kimejaa. Akamwita Paskalina kwa kidole.

"Kaa hapa." Akamwekea mapajani. "Tikisa."

Niliacha mwiko chini. Paskalina naye alielewa, macho yakawa makubwa, mikono ikabaki hewani.

Shemeji akasema, "Mama, si kitakuwa kizito kwake? Atakivunja."

"Havunji," Mama Nyanda akasema.

Mzee Nkuba ndiye aliyefafanua, polepole, kwa Kiswahili chake cha kupima. "Bwana katekista. Kibuyu hicho hakitikiswi na mtu wa nje. Mke wa mwanangu hakigusi. Hata huyu hapa," akanionyesha kwa kidevu, "hakitikisi. Hutikiswa na binti wa nyumba."

"Binti wa nyumba ipi?"

"Yetu."

Paskalina akaanza. Mbele nyuma, mbele nyuma, taratibu kwanza, kama alivyokuwa akitazama miezi yote hii. Hakuna aliyeongea. Hata mimi. Tulisikia maziwa yanapigapiga ndani, chwa, chwa, chwa. Jasho likamtoka puani. Shemeji alikuwa ameinamia mbele, mikono kwenye magoti, na nilimwona anatazama mikono ya mtoto, ambayo ni mikono ya Danieli kabisa, mifupi na imara. Halafu sauti ikabadilika. Ikawa nzito, dab, dab. Mama Nyanda akapokea, akamimina, siagi ikatoka bonge, ya manjano, haikuvunjika. Akachukua kidogo kwa kidole, akampaka Paskalina kwenye paji la uso. Kilichobaki kidoleni akamnyooshea shemeji.

Liberatus, katekista wa Kalenga, akafungua mdomo akalishwa kama mtoto.

Akatoa leso, akajifuta, akajifuta na macho, akasingizia moshi ingawa moto ulikuwa umezimika. "Nilisema nitampeleka kwa watu wake," akasema. "Sasa nikifika Kalenga nitasema nini?"

"Sema anao," Mzee Nkuba akajibu. "Na wana ng'ombe."

Hapo ndipo shemeji alipocheka. Sijawahi kumsikia akicheka, hata siku ya arusi yangu. Ana kicheko cha Danieli. Ilibidi nitoke nje kidogo.

Tumekula wali na nyama na samli. Alipoondoka aliacha sanduku. "Apolonia alisema nisirudi nalo." Nikampa chupa moja kati ya zile mbili ampelekee, na likizo ya Juni Paskalina atakwenda kuwasalimia, kisha atarudi. Alisema hivyo mwenyewe, "Kisha atarudi," mguu ukiwa kwenye ngazi ya basi.

Bwana amefufuka. Asante. Asante kwa kila kitu, hata kwa ile sabuni.

2 Aprili

Mvua.

15 Aprili

Joachim amekuja mwenyewe. Akanusa chupa, akafumba macho, akasema hakuna haja ya maneno. Halafu akaongea saa nzima. Tumemwambia bado mbichi.

14 Mei, Jumapili

Mvua zimekata. Asubuhi kulikuwa na baridi, vilima vya Chimala vinaonekana vyote. Mmea wa Paskalina umekauka ukutani na kibuyu kimebaki kinaning'inia, kigumu, ukikigonga kinaitika. Mama Nyanda alisema leo ndiyo siku yake.

Kimekatwa shingo, kimetolewa mbegu. Mbegu Paskalina amezifunga kwenye pindo la kanga yangu bila kuniomba. Ndani kulikuwa na nyuzinyuzi na harufu mbichi. Nikaona kinahitaji kusuuzwa, na mkono wangu, wenyewe tu, bila mimi kuutuma, ukaenda kwenye rafu kulikokuwa na kipande cha sabuni.

Paskalina akanichapa kofi mkononi, paa!

"Mama!"

Mama Nyanda alicheka mpaka akalala chali mkekani, miguu juu. Nami nimeirudisha sabuni mahali pake, nikakaa, nikanyamaza. Binti yangu akachukua kaa la moto, akalitia katika kibuyu chake, akaanza kutikisa.